Nyayo za Mwalimu Verlat

Upande wa kusini wa jiji la Antwerp, jirani na jumba kubwa la makumbusho ya sanaa, kuna mtaa uitwao Verlatstraat. Wengi wanaopita hapo hawana habari na mwenye jina. Wachache wanaomjua wanamjua kwa sifa moja, nayo mbaya: ndiye mwalimu aliyemwondoa Vincent van Gogh darasani kwake. Kisa hicho kimesimuliwa mno hata kimegeuka hukumu, na mshitakiwa hana wakili. Mimi nami sikuja kumtoa kifungoni. Nataka tu tuifuate njia aliyoipita, maana mtu aliyeshika brashi kwa karibu nusu karne hawezi kuwa na habari ya wiki sita za Van Gogh peke yake.

Charles Verlat, ambaye wenyeji wanaozungumza Kiflemi humwita Karel, alizaliwa Antwerp Novemba 1824. Wakati huo Ubelgiji haikuwepo kwenye ramani. Nchi ilijitenga na Uholanzi mwaka 1830, kijana wetu akiwa na miaka mitano, na kama ilivyo kwa kila taifa changa, ikaanza kutafuta mashujaa wa kutundika ukutani. Kazi hiyo walipewa wachoraji. Gustaf Wappers alichora mapinduzi yenyewe ya Septemba 1830. Nicaise de Keyser akarudi nyuma zaidi, hadi vita vya mwaka 1302, pale askari wa miguu wa Flanders walipowabwaga wapanda farasi wa Ufaransa. Zilikuwa picha za kupimwa kwa mita, zenye damu, bendera na farasi walioanguka. De Keyser ndiye aliyemfundisha Verlat.

Alimfundisha katika akademia ambayo mpaka leo ipo Mutsaardstraat, kwenye majengo yaliyokuwa ya watawa wa Mtakatifu Fransisko. Akademia hiyo ilianzishwa mwaka 1663 na mchoraji David Teniers Mdogo, na ni miongoni mwa vyuo vya sanaa vikongwe kabisa Ulaya. Ni vizuri kuelewa masomo yalivyopangwa, kwa kuwa ugomvi wote wa baadaye chanzo chake ni hapa. Mwanafunzi hakupewa rangi siku ya kwanza. Alianza kwa kunakili michoro ya wengine. Akishaiva, anapelekwa mbele ya sanamu za plasta, nakala za miungu ya Kigiriki na Kirumi, achore kwa mkaa au penseli akianza na mstari wa nje mpaka umbo lifungike. Baadaye anaruhusiwa kumchora mtu hai. Rangi za mafuta ndizo za juu kabisa. Kila hatua ina mashindano, na matokeo yanabandikwa kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Ilikuwa ngazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka kidato.

Verlat aliipanda vizuri. Yapata mwaka 1842, kabla hajafikisha miaka ishirini, alitoa picha yake kubwa ya kwanza: mfalme Pepin Mfupi akimuua simba. Ukiitazama mada hiyo unaona pande mbili za kijana huyu. Mfalme ni wa mwalimu wake, ni historia kwa ajili ya taifa. Simba ni wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1843, bustani ya wanyama ya Antwerp ilifunguliwa, na mpaka leo ukishuka kwenye treni katika stesheni kuu ya jiji unaikuta ubavuni pa stesheni hiyo. Mji wa bandari uliojaa wafanyabiashara ukawa sasa na wanyama hai ndani ya uzio. Verlat akawa mchoraji wa wanyama kuliko wafalme, na nadhani hapo ndipo alipokuwa mkweli zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 alihamia Paris, akafanya kazi chini ya mchoraji Ary Scheffer. Katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1855 alipata medali ya dhahabu kwa picha ya simbamarara akilivamia kundi la nyati. Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, Gustave Courbet alikataliwa baadhi ya picha zake kubwa na waamuzi wa maonyesho. Akajenga banda lake mwenyewe, akaandika mlangoni kwamba hapa ni Uhalisia, akatoza kiingilio. Wakati Courbet anapigana na waamuzi, Verlat anapokea medali kutoka kwao. Hata hivyo macho yake hayakuwa mbali sana na ya Courbet. Picha aliyoionyesha baada ya hapo, Le Coup de collier, haina mfalme wala malaika: ni farasi wa mizigo wanaojikaza kuvuta. Miili ya wanyama wa kazi, shingo zilizoinama, mikanda iliyokazwa, yote kwenye turubai la ukubwa ambao zamani ulitengwa kwa ajili ya majenerali. Kumpa farasi wa mizigo ukubwa wa jenerali ni jambo la kimya, lakini ni mapinduzi ya aina yake.

Alichora pia nyani na tumbili, mara nyingi wakiiga mambo ya watu. Picha hizo zilipendwa sokoni. Siziwekei uzito mkubwa, ingawa zinaonyesha kwamba mzee alijua kucheka.

Kutoka Paris njia inaelekea mashariki, Weimar, mji mdogo wa Ujerumani ambao jina lake lilikuwa kubwa kuliko idadi ya watu wake. Mtawala wake, Carl Alexander, alikuwa amefungua shule ya sanaa mwaka 1860 na alikuwa akiita wachoraji kutoka nje waje kufundisha. Wabelgiji walitafutwa kwa sababu walisifika kwa rangi. Ferdinand Pauwels, mtu wa kutoka pembezoni mwa Antwerp, alitangulia, na Verlat akafuata mwishoni mwa miaka ya 1860, akafundisha shuleni hapo. Max Liebermann, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Ujerumani, alikuwa mwanafunzi shuleni hapo miaka hiyohiyo. Mwanamuziki Franz Liszt naye alikuwa akiishi mjini sehemu ya mwaka, na Verlat alimchora.

Weimar tutairudia baadaye. Ni muhimu kuliko inavyoonekana.

Mwaka 1875 Verlat, sasa mtu wa miaka hamsini, alifunga mizigo akaenda Palestina, iliyokuwa bado chini ya Waturuki wa Osmani, na akakaa Yerusalemu kwa takriban miaka miwili. Enzi hizo safari ya namna hii ilikuwa karibu desturi kwa wachoraji wa Ulaya waliotaka kuchora Biblia. Walikuwa wamechoka kumwona Yesu aliyevikwa kama mtu wa Roma au wa Venisi, wakasema twende tuone nchi yenyewe, jua lake, mawe yake, sura za watu wake. Hoja ilikuwa nzuri, utekelezaji ulikuwa na kasoro. Waliwakuta Waarabu wa karne ya 19, wauza maji, wachungaji, mabawabu, wenye kanzu na vilemba, wakawahesabu kama watu wa karne ya kwanza walioachwa na wakati. Msomaji wa pwani yetu, ambaye kanzu na kilemba kwake ni mavazi ya Ijumaa na ya harusi, ataona haraka kilichofichika: aliyechorwa hakuulizwa yeye ni nani leo.

Lakini kazi moja ya safari hiyo ina nguvu, na mimi naiweka juu ya nyingine zote za Verlat. Inaitwa Vox Populi, yaani sauti ya watu, na ipo katika mkusanyiko wa makumbusho ya kifalme ya Antwerp. Ni kile kisa cha Pilato anapowauliza watu wanamtaka nani afunguliwe, nao wakamchagua Baraba. Wachoraji wengi kabla yake walimweka Yesu katikati, mnyonge na mwenye nuru, ili mtazamaji ajue amwonee nani huruma. Verlat aliupa uzito umati. Aliyezoea kuchora kundi la nyati likishtuka alijua jinsi miili mingi inavyosukumana na kuelekea upande mmoja bila kiongozi. Hapo mchoraji wa wanyama na mchoraji wa historia wakawa mtu mmoja. Kwa mtu aliyekulia katika taifa lililozaliwa kwa ghasia za barabarani, kuchora watu wakikosea kwa pamoja haikuwa mada ndogo.

Alirudi Antwerp mwaka 1877 akafundisha uchoraji wa rangi. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu kuhusu akademia hiyo, kwa hiyo hakuwa mwalimu wa kuingia na kutoka tu. Alikuwa akifikiria shule iendeshweje. Kipato kingine kilitoka kwenye panorama, burudani iliyovuma sana kabla ya sinema: turubai kubwa ajabu linazungushwa ndani ya jengo la duara, watazamaji wanalipa kiingilio, wanapanda jukwaa la katikati na kujikuta wamezingirwa na vita pande zote. Verlat alichora ya Waterloo. Ni kazi ya mafundi wengi na ngazi nyingi, iliyo karibu na ujenzi kuliko ushairi.

Mwaka 1885 akateuliwa mkurugenzi wa akademia. Mwaka huo Antwerp ilikuwa na shamrashamra. Kuanzia Mei hadi Novemba jiji lilikuwa na Maonyesho ya Dunia, na miezi michache kabla ya hapo mkutano wa Berlin ulikuwa umemsafishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji njia ya kujitwalia Kongo. Wakongo wachache waliletwa kwenye maonyesho hayo watazamwe na umma. Haukupita muda, pembe za ndovu zikaanza kupigwa mnada Antwerp, na sehemu ya pembe hizo ilitoka kule ambako Tippu Tip, aliyefanywa na Leopold kuwa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa na misafara yake. Kutoka lango la akademia hadi magati ya mto Schelde unaweza kwenda kwa miguu. Wanafunzi wakichora miungu ya plasta nyeupe, meli zilikuwa zikishusha mali ya bara jingine umbali mdogo kutoka hapo. Katika masomo ya Mutsaardstraat hilo halikuwa na nafasi.

Na sasa tumefika kwenye zile wiki sita.

Van Gogh alishuka Antwerp mwishoni mwa Novemba 1885, akiwa na miaka 32, akitokea kijiji cha Nuenen, Uholanzi, alikokuwa amemaliza picha yake ya wakulima wanaokula viazi. Alipanga chumba juu ya duka la rangi huko Lange Beeldekensstraat namba 194, nyuma ya stesheni, akabandika ukutani michoro ya Kijapani. Fedha alizotumiwa na mdogo wake Theo ziliishia kwa watu wa kuchorwa na kwenye vifaa. Tumbo likabaki na mkate, kahawa na tumbaku. Meno yalikuwa yakimkatika. Alichokitaka akademia si cheti. Alitaka miili ya watu wa kuchora bila kulipia.

Januari 1886 akamwendea Verlat na kazi zake mkononi, na Verlat akamkubali. Hapa ndipo wasimulizi wengi huruka. Mtu asiye na mavazi ya maana, aliyechora wakulima kwa rangi za udongo, hakuanzishwa chini. Alipokelewa darasa la rangi, juu kabisa ya ngazi, na masomo yalikuwa bure. Alijiandikisha tarehe 18 Januari. Angefukuzwa mlangoni siku hiyo, hakuna ambaye angeshangaa.

Kilichofuata tunakijua hasa kupitia kwa Victor Hageman, aliyekuwa mwanafunzi hapo na ambaye alisimulia miongo kadhaa baadaye. Mbele ya darasa wamesimama wanamieleka wawili, vifua wazi. Vincent anaingia na kofia ya manyoya na kipande cha ubao badala ya kibao cha kuchanganyia rangi, anaanza kupaka kwa pupa, rangi nene mpaka inadondoka sakafuni. Verlat anasimama nyuma yake, anatazama, anamuuliza yeye ni nani. Kisha anamwambia kwa maneno makali kwamba kazi ya namna hiyo hana haja ya kuisahihisha, aende darasa la kuchora. Vincent anakaza taya, anaondoka kimya.

Huko chini akakutana na Eugène Siberdt na sanamu ya Venus wa Milo. Alichora mungu huyo wa kike akampa nyonga pana za mama wa Kiholanzi. Siberdt alipoanza kumsahihisha kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, Vincent akalipuka: mwanamke lazima awe na nyonga za kubebea mtoto, mwalimu hajui mwanamke ni nini! Ndivyo inavyosimuliwa. Bila shaka chumvi imeongezwa humo, kwa sababu waliosimulia walikuwa wazee na Vincent alikuwa tayari mashuhuri. Ugomvi wenyewe ni wa kweli, kwani yeye mwenyewe alimwandikia Theo kwamba Siberdt anamtafutia sababu. Rangi za Verlat nazo hakuzisifu.

Kiini cha ugomvi ni cha kiufundi, wala si cha roho mbaya. Akademia ilitaka mstari wa nje kwanza, halafu ujaze ndani. Vincent alianza kutoka katikati, akijenga uzito wa mwili kama mfinyanzi, na mstari ulikuja ukijipeleka. Mifumo hiyo miwili haikai darasa moja. Ipo picha ndogo ya miezi hiyo, sasa katika Van Gogh Museum mjini Amsterdam, ndefu kidogo kuliko karatasi ya ofisini: mifupa ya mtu kuanzia kichwa hadi mabega, na kati ya meno kuna sigara inayowaka. Mifupa ilikuwa kifaa cha kawaida cha kufundishia maumbile ya mwili. Kifaa ambacho mwanafunzi alitakiwa kuhesabu mbavu na viungo vyake, Vincent amekivutisha sigara. Itazame kwa karibu uone pia kitu ambacho utani unakificha: mifupa yenyewe imechorwa sawasawa, na anayechora anaijua kazi.

Mwisho wa Februari aliondoka kwenda Paris, akiacha deni la kodi. Matokeo ya mashindano yalipotoka, walimu walikuwa wameamua arudishwe darasa la wanaoanza. Hakuwepo kuyasikia.

Je, Verlat hakuwa na macho? Naona alikuwa nayo, la sivyo asingempokea Januari. Tatizo ni kwamba mtu aliyepanda kila kidato hadi juu huona kila anayeruka kuwa ameanguka. Alikuwa amewapa farasi wa mizigo ukubwa wa majenerali na umati nafasi ya mfalme. Mikononi mwake uhuru huo ulikuja baada ya miaka mingi ya plasta, na hakuweza kuamini kwamba kwa mwingine ungekuja kabla. Kosa hilo ni la kwake, na la ofisi aliyoikalia.

Lakini njia yake haikuishia kwa Vincent. Miaka michache kabla ya mkasa huo, Verlat alimfundisha kijana mwingine wa Antwerp aliyeitwa Henry van de Velde, mzaliwa wa mwaka 1863. Van de Velde alichora kwa muda, akahamia Paris kwa mchoraji Carolus-Duran, baadaye akaacha turubai na kugeukia viti, meza, vyombo na nyumba. Mwaka 1902 akaitwa kufanya kazi, na mji uliomwita ulikuwa Weimar, uleule ambao mwalimu wake alikuwa amefundisha yapata miaka thelathini kabla. Huko van de Velde alibuni majengo mapya ya shule ya sanaa na kuongoza shule ya sanaa za ufundi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Mbelgiji huyo akawa mgeni wa nchi adui na akalazimika kuachia nafasi yake. Miongoni mwa watu aliopendekeza wamrithi ni msanifu majengo Walter Gropius. Mwaka 1919 Gropius aliziunganisha shule mbili, ile ya sanaa za ufundi na ile ya uchoraji aliyofundisha Verlat, akaipa taasisi mpya jina la Bauhaus. Kiti cha bomba la chuma, taa ya mezani isiyo na mapambo, herufi zisizo na mikia, na vingi tunavyovikalia na kuvisoma leo hata Dar es Salaam na Nairobi, vina ukoo na shule hiyo.

Sidai kwamba Verlat aliotesha Bauhaus. Angeiona pengine angeikataa kwa ukali uleule. Ninachosema ni kwamba watu wawili wakubwa walipita mlangoni kwake, mmoja akamfokea na mwingine akampa msingi.

Van Gogh alifariki tarehe 29 Julai 1890. Mwezi uliofuata jumba jipya la makumbusho lilifunguliwa kusini mwa Antwerp, na picha zilizokuwa zimehifadhiwa akademia zikahamishiwa huko. Verlat alifariki tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, akiwa bado mkurugenzi. Jumba hilo lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2011 likafunguliwa tena Septemba 2022, kwa hiyo ukipata nafasi ya kufika Antwerp, lipo. Ulizia Vox Populi ya Verlat, na ukiipata usitazame kwanza uso wa Yesu, tazama umati.